Besi ya Wimbo wa Mama

Wiki ile tuliyomzika baba, mama aliniambia jikoni neno ambalo ninalo mpaka leo. Wageni walikuwa wameanza kutawanyika. Masufuria ya msiba yalirundikwa nje ya mlango yakisubiri kurudishwa kwa wenyewe, na mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda naota moto, maana kwetu Igowole, Mufindi, mwezi wa saba baridi inaingia mpaka kwenye meno. Mama alikuwa anachambua mchele. Hakunitazama.

"Baba yako mmemwimbia wimbo mzuri," akasema. "Watu wamelia sana. Ila yeye mwenyewe hajausikia hata kidogo."

"Mama, ndivyo misiba ilivyo."

"Najua ndivyo ilivyo. Mimi wangu nitungie nikiwa nasikia. Sitaki wa kwenye jeneza."

Nikacheka. Nikamwambia, mama, huo tu? Krismasi hii utakuwa umeupata. Niliahidi kirahisi hivyohivyo, kama mtu anayeombwa akirudi mjini alete sukari.

Mimi ni mwalimu wa kwaya. Mshahara naupata kwa kufundisha shule ya msingi huko Mbeya, lakini ukiniuliza kazi yangu nitakujibu kwaya, tena nitakujibu kwa maringo. Nimekulia Mufindi kwenye usharika wa Kilutheri ambako kwaya si mambo ya kupitisha muda. Kule kwetu wimbo mpya hauanzi na maneno. Unaanza na nota ubaoni, do na re na mi, kila sauti na mstari wake. Ya kwanza ni ya akina mama wenye sauti nyembamba, ya pili ya akina mama wenye sauti nzito, ya tatu ya wanaume wepesi, ya nne ndiyo besi. Kila sauti inajifunza peke yake pembeni mpaka iive, ndipo mnakutana. Siku hiyo ya kukutana, wimbo ukikaa sawa, hata mtu aliyekuja na ugomvi wa nyumbani kwake anausahau.

Na mimi ni mkali, sifichi. Nimeshawahi kumrushia mtu mzima chaki. Nimeshawatoa besi wote nje wakafanye mazoezi chini ya mti wa mkaratusi mpaka waelewane, na baridi ikiwapiga. Kanuni yangu ilikuwa moja: wimbo usio na sauti nne haujawa wimbo, na hautoki. Kutoa wimbo wa sauti moja mbele za watu, kwangu mimi, ilikuwa ni sawa na kutoka barazani umejifunga shuka la kulalia. Watu wa kwaya watanielewa. Wengine watashangaa mtu anawezaje kukwama miaka kwa sababu ya besi.

Cha ajabu, wimbo wa baba haukunisumbua hata dakika. Simu ya msiba ilinikuta asubuhi Mbeya, nikapanda basi nikiwa na viatu visivyofanana rangi. Kabla ya Makambako sauti ya kwanza ilikuwa imeshakuja. Ya pili na ya tatu zikafuata, na besi ikaja yenyewe, nzito, imenyooka, kabla sijashuka Nyololo kubadilisha gari la kuingia ndani. Jioni hiyo nikawafundisha kwaya ya nyumbani, kesho yake wakaimba kaburini. Watu walinishika mkono wakasema mwalimu, huu umepewa na Mungu. Nami nikaamini.

Krismasi ikafika, nikaenda mikono mitupu. Alinipakulia kande, akaniuliza habari za shule, akanionyesha ng'ombe aliyezaa. Wakati naondoka ndipo akasema, "Na ule wangu?" Nikamwambia bado unapikwa. Akasema sawa, mimi nipo.

Likizo ya mwezi wa sita tukapiga maharage pamoja. Kama hujawahi kuyapiga, yanavunwa na miti yake, yanaanikwa mpaka yawe makavu kabisa, kisha mnatandika turubai uani na kuyatandika fimbo mpaka maganda yaachie. Mnakaa wawili mkitazamana. Fimbo ya mmoja inapanda, ya mwingine inashuka. Mkizoeana hamkosei, inakuwa mdundo wenyewe. Mama alikuwa ameshaanza kuzeeka lakini fimbo yake ilikuwa haibahatishi. Akaanza kuimba chinichini, si wimbo wa kitabuni, ni maneno yake tu:

*Nimeamka, macho ninayo,*
*mikono ninayo, masikio ninayo,*
*magoti yanauma lakini yapo,*
*asante.*

Nikamuuliza, "Mama, huo wimbo gani?"

"Si wimbo. Ndivyo ninavyosema asubuhi kabla sijashuka kitandani. Najihesabu."

Sauti ile ilikuwa inapanda kidogo kwenye masikio, kisha inateremka taratibu kwenye magoti, kama mtu mwenye magoti mabovu kweli anavyoshuka ngazi. Nikaidaka. Nikaongeza mahali pa kupumzikia baada ya "yapo", ili ile "asante" ije peke yake. Mama akacheka, akairudia na pumziko langu ndani yake. Tukaimba hivyo, fimbo zikipiga, mpaka maharage yakaisha na sisi tukawa bado tunapiga maganda matupu. Dada yangu, ambaye ndiye anayekaa na mama mpaka leo, alitoka jikoni akasimama mlangoni na mwiko mkononi akitucheka. Tangu siku hiyo pale nyumbani ukaitwa wimbo wa maharage.

Mama akaweka fimbo chini. Akaniambia, "Hapohapo. Usiongeze kitu."

Jamani. Mama yangu darasa lake lilikuwa dogo, lakini alikuwa ameimba kwaya ya akina mama tangu mimi sijazaliwa. Alikuwa anajua anachosema. Na mimi nilimsikia vizuri kabisa, maana masikio yangu hayakuwa na ubovu wowote. Nikasema ndiyo mama. Nikaenda Mbeya nikaanza kuongeza.

Kwanza nikaona haya juu ya magoti. Nikajiambia, kwaya nzima imevaa majoho, imesimama mbele ya askofu, inaimba magoti? Nikayatoa magoti. Nikaweka "Ewe mama nguzo ya nyumba". Macho na mikono nikaona ni ya kitoto, nikaweka "machozi yako ni mbegu". Maneno mazuri, ya kupendeza, unayoyasikia kwenye kila wimbo wa mama nchi hii. Sauti nayo nikaona ni fupi, nikaipandisha katikati, nikaigeuza, nikaileta mahali ambapo sauti ya kwanza ingeonyesha uwezo wake. Nilipofika kwenye besi nikakwama. Nilijaribu besi ya kutembea, ikawa fujo. Nikajaribu ya kusimama, ikawa kilio. Kila nilichoandika nilikifuta.

Leo najua nilikwama kwa nini. Besi inasimama juu ya kitu, na mimi nilikuwa nimeshakiondoa. Lakini wakati ule nilidhani ni ugumu wa sanaa. Unajua watu tunaotunga tuna ugonjwa fulani. Kitu kikija kirahisi tunakishuku, tunaona kama tumekiiba. Kikitutesa tunakiheshimu. Kwa hiyo nilijiheshimu sana miaka ile.

Nikampelekea mwenyekiti wa kwaya yetu ya Mbeya, mzee mmoja mtaratibu, anayeongea polepole. Nikamwambia nina wimbo wa mama yangu, besi inanisumbua. Akaniuliza, "Pole. Amefariki lini?"

"Yupo. Mzima kabisa."

Mzee akavua miwani. "Mwalimu, yupo mzima na wewe unamtungia? Sisi kwetu mtu anatungiwa akiwa ametangulia. Usije ukawa unamwita."

Sasa hapo ningemjibu. Ningemwambia mzee wangu, mwenyewe ameuomba kwa mdomo wake. Na ukweli ni kwamba sikuamini hata punje ya yale maneno. Lakini nilikuwa nimechoka na ile besi, nikayapokea kwa mikono miwili. Nikajiambia labda kweli, tusiharakishe. Nikauweka pembeni na roho yangu ikatulia. Hicho ndicho kinachoniuma kuliko vyote, kwamba roho ilitulia.

Miaka ikaenda. Nikatungia watu. Nilitunga kwa ajili ya mchungaji aliyehamishwa, kwa ajili ya harusi ya binti wa mzee wa kanisa, na misiba ndiyo usiseme. Mtu akifariki leo, kesho mimi nina wimbo. Tukarekodi hadi video. Tulikwenda kupigia picha Mufindi kwenye mashamba ya chai, tumevaa sare za zambarau, tunayumba kushoto na kulia katikati ya chai yenye umande, viatu vimeloa, mpiga picha anatupigia kelele tutabasamu. Kutoka pale mpaka kwa mama si mbali. Nilipita kumsalimia nikiwa na ile sare. Akanizunguka akinitazama, akagusa kitambaa.

"Umependeza. Na wangu umefikia wapi?"

"Besi, mama. Besi ndiyo inanisumbua."

"Hiyo besi inatoka nchi gani, mbona haifiki?"

Dada akacheka mpaka akakaa chini. Nami nikacheka. Ikawa ndiyo utani wetu. Kila nikienda, mama ananiuliza kama besi imepata usafiri, au imekwama Makambako, au imeshuka njiani kunywa ulanzi. Mimi najibu iko njiani mama, iko njiani. Na kila nikirudi Mbeya nakaa nao siku moja ule wimbo, nabadilisha mstari, nauacha.

Halafu akaacha kuuliza.

Sikumbuki ilikuwa safari ipi. Ninachokumbuka ni kwamba niliona nafuu. Nikasema moyoni, amesahau, wazee husahau. Alikuwa anacheka zaidi kuliko zamani. Ukimwambia jambo anatabasamu, anasema "eeh, eeh, ndiyo baba." Nikasema mama amekuwa mpole siku hizi.

Kwenye simu ndiko tulikogombana. Namuuliza, "Mama, dawa za presha umekunywa?" Ananijibu, "Mvua imenyesha vizuri, baba, tunashukuru." Namuuliza tena kwa sauti, ananiambia mahindi yamefika kiunoni. Nikawa napandisha hasira. Siku moja nikamkaripia, nikamwambia mama, mbona hunisikilizi ninapoongea? Akasema, kwa upole uleule, "Nawe uwasalimie watoto." Akakata simu. Nikampigia dada, nikamwambia mama siku hizi anadharau.

Wee! Mimi, ambaye naweza kusikia mtu mmoja wa sauti ya pili amepotoka nusu nota katikati ya watu waliojaa kanisa, sikusikia kwamba mama yangu hasikii.

Nilikuja kujua likizo nyingine ya maharage. Nilifika bila kutoa taarifa, nikamkuta uani amenipa mgongo, anapiga maharage peke yake. Nikapiga hodi getini. Nikamsalimia kwa lugha ya kwetu, "Kamwene, mama!" kwa sauti yangu ya mwalimu, ile inayofika nyuma ya darasa. Kuku wakaruka. Mbwa wa jirani akabweka. Mama aliendelea kupiga. Nikasogea, nikaita tena nikiwa nyuma yake kabisa, kisha nikamgusa bega. Akapiga yowe, akageuka na fimbo, akanichapa nayo kwenye mkono kwa nguvu zake zote. Alipoona ni mimi akaitupa, akanikumbatia, akawa anacheka na kutetemeka. "Umekuja kama mwizi! Kwa nini hukupiga hodi?"

Nikamtazama dada, aliyekuwa amesimama mlangoni. Nikamuuliza tangu lini. Akaniambia, "Siku nyingi. Alianza kidogokidogo, kwanza sikio moja. Alinikataza nisikwambie. Alisema utaacha kumpigia simu."

"Na wewe ukakubali?"

"Wewe unakuja likizo, mdogo wangu. Mimi ndiye ninayeishi naye. Usinipandishie sauti, hiyo sauti ungeipandisha zamani."

Dada yangu huwa hasemi mengi, lakini akisema huna pa kukimbilia.

Nilimchukua mama tukaenda naye Mbeya hospitali. Daktari, kijana mwenye heshima, akampima vizuri, akanieleza kwamba mishipa ya kusikia imechoka na hairudi. Tukapata ile mashine ndogo ya kuweka sikioni. Mama aliivaa siku chache. Nilimuuliza kwa ishara anasikia nini. Akasema anasikia mashine ya kusaga unga, mchana kutwa, na ndani ya ile mashine kuna watu wanagombana. Akaivua, akaifunga kwenye kitambaa, akaiweka kabatini pamoja na miwani ya marehemu baba. Nilimbembeleza, nikakasirika, nikambembeleza tena. Ng'o. "Niacheni," akasema. "Kimya si kibaya. Nimechoka tu kuwaona mnafungua midomo."

Sasa nikuambie jambo la aibu. Nilivyomrudisha nyumbani na kugeuza kurudi Mbeya, ile besi ikaja. Ilikuja mara moja, bila kuombwa, nikiwa nimekaa dirishani ndani ya basi, kama ile ya baba ilivyokuja. Nilitaka kupiga kioo kichwa. Nilijua maana yake. Wimbo wangu ulikuwa umesubiri mpaka mama ameondoka mahali pa kusikia, ndipo ukaja. Sisi watu tuna haraka sana na walioondoka. Aliyekufa tunamchangia, tunamshonea sare, tunamtungia kwa usiku mmoja, maana hawezi kusema hukupatia. Aliye hai atausikia wimbo, atainamisha kichwa, atasema hapa umezidisha. Tunamwogopa aliye hai. Mimi nilimwogopa mama yangu, mtu aliyeniomba maneno manne na asante.

Kuna na jingine, nalo ni baya zaidi. Nilitaka uwe wimbo wangu. Ule wa kwenye maharage ulikuwa wake. Angeusikia angesema huu ni mimi. Mimi nilitaka watu waseme huu ni mwalimu.

Hata hivyo nikaumaliza ule wa "nguzo ya nyumba", sauti zote nne. Mtaniuliza kwa nini nilimaliza huo na si ule mwingine. Kiburi hakifi siku moja. Nilijiambia hata kama hasikii, ataona. Ataona kwaya nzima imetoka Mbeya kwa ajili yake, imevaa, imesimama. Nikawaomba wanakwaya, na nawashukuru, hawakuniuliza maswali. Hata mwenyekiti, niliposema mama yangu hasikii tena, alivua miwani akaifuta muda mrefu, akasema tutakwenda. Tukakodi Kosta, tukaenda Igowole kwenye ibada ya mavuno.

Siku ya mavuno kwetu kanisa linajaa mahindi. Mabunda ya mahindi madhabahuni, maboga, viazi kwenye ndoo, ndizi, jogoo wamefungwa miguu wanapiga kelele katikati ya mahubiri. Mama alikaa benchi la mbele, shali jipya, mkongojo magotini. Alikuwa anafuata ibada kwa macho, watu wakisimama anasimama, wakikaa anakaa. Ukimwona usingejua. Ndivyo alivyotudanganya wote miaka ile.

Tulipoitwa, nilisogea mbele nikasema kwamba wimbo huu ni wa mama yangu, aliniomba zamani. Nikamtazama dada, aliyekaa pembeni ya mama, nikamwashiria amwambie. Dada akamgusa mama goti. Akamwonyesha kwaya, akaonyesha mdomo, kisha akamgusa mama kifuani, wewe. Mama akakunja uso, hakuelewa. Dada akafikiri kidogo, halafu akainua ngumi zake mbili akafanya kama anapiga kwa fimbo, juu, chini, juu, chini.

Uso wa mama ukafunguka. "Wa maharage?" akauliza kwa sauti kubwa, kanisa zima likageuka. "Besi imefika?"

Dada hakujua kwamba nilishaubadilisha. Atajuaje? Sikumwambia mtu. Alitikisa kichwa kukubali, anacheka na machozi, na mimi nilikuwa nimeshainua mikono.

Kwaya ikaanza. Niseme ukweli, waliimba vizuri sana. Sauti ya kwanza ilipanda pale nilipotaka ipande, kinanda kikafuata, na besi, ile besi, iliingia kama nilivyoiota. Kwa nyuma nikasikia watu wanaguna kwa kuridhika. Mama alikuwa anaangalia midomo yao. Aliangalia mmoja, akahamia kwa mwingine, akitafuta. Nadhani alikuwa anatafuta mahali walipofika ili aungane nao. Kisha akashika mkongojo wake, akasimama, akaanza kuimba.

*Nimeamka, macho ninayo.*

Aliimba kwa nguvu, maana mtu asiyejisikia hajui kipimo. Sauti ilikuwa na mikwaruzo lakini haikupotea njia. Alikuwa na wimbo wake kichwani mzimamzima, na mdundo alikuwa anaupiga sakafuni kwa mkongojo. Wimbo wangu na wimbo wake zikagongana. Kwaya wakanitazama. Kinanda kikayumba, kikanyamaza. Nikashusha mikono.

*Mikono ninayo, masikio ninayo.*

Hakuruka. Nilikuwa nimeshika pumzi nikidhani atayaruka yale masikio, lakini aliyaimba. Alipandisha pale pale palipotakiwa kupandishwa. Mama mmoja wa sauti ya kwanza akaanza kumfuata, chinichini, kwa kubahatisha, na wenzake wakaingia, maana si wimbo mgumu, unaushika mara moja. Akafika kwenye magoti akateremka nayo taratibu. "Lakini yapo." Akapumzika. Lile pumziko nililomwekea mimi siku ile kwenye turubai, kitu pekee changu kwenye wimbo ule, alikuwa amelitunza miaka yote. Kanisa lilikuwa kimya, jogoo tu. Ndipo akasema asante yake.

Akairudia yote toka mwanzo, na akina mama wote wa kanisa wakaimba naye. Mimi nilisimama pale na mikono yangu kama mtu aliyetumwa akasahau alichotumwa. Najuta. Siwezi kulipamba neno hilo. Ule ndio uliokuwa wimbo, ulikuwa tayari tangu siku ya maharage, na mama angeweza kuusikia ukiimbwa na kanisa zima akiwa na masikio yake mawili. Sasa waliuimba wakiwa wamemzunguka pande zote na yeye hakujua kama kuna mtu anaimba.

Alipomaliza akawatazama wanakwaya. Akaona akina mama wanajifuta macho na mikono ya majoho. Akanigeukia, akauliza kwa ile sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya bonde, "Mbona wanalia? Nani amekufa?"

Watu wakacheka huku wakilia. Nikatikisa kichwa, hakuna mama, hakuna. Nikashuka nikamshika mkono ili akae. Hakutaka kukaa. Alikuwa anatafuta kitu nyuma yangu, mstari wa mwisho wa kwaya, kule wanakosimama wanaume.

"Na besi wameimba?" akaniuliza.

Nikageuka kuwatazama besi. Walikuwa wamesimama mafaili mikononi, midomo imefungwa, wala si kosa lao. Hakuna aliyewafundisha mahali pa kuingia. Nikamgeukia mama nikaitikia kwa kichwa, ndiyo, wameimba.

Mama akanipigapiga mkono.

"Eeh," akasema. "Ndiyo maana ulichelewa."